Kanda Bila Sanadi

Mwezi uliopita nilipanda bara hadi Eldoret kuhudhuria nikahi ya binti wa dada yangu. Mji ule, ambao zamani ukiitwa kwa namba ya shamba, 64, na ambao mwaka 2024 ulipewa hadhi ya jiji, una baridi isiyo mzaha. Mimi mtu wa Mvita nilikula pilau na koti mwilini.

Baada ya walima shemeji yangu alinipeleka kwa mzee mmoja mzaliwa wa Mombasa, aliyeendesha malori miaka mingi kisha akalowea huko huko. Chini ya kitanda chake mna masanduku mawili ya bati, na ndani yake kanda za taarabu zapata mia mbili. Baadhi alizinunua Mombasa, katika maduka kama Mbwana Radio Service. Lakini nyingi alizinasa mwenyewe arusini, Mombasa, Malindi na Lamu, kinasa sauti kikiwa mapajani mwake. Akirudi safari, hizo ndizo zilizokuwa wenzake njiani.

Wako watakaosema kwamba muziki wenyewe una shaka. Hilo nawaachia masheikh. Mimi nataka kuzungumza juu ya ushairi uliomo ndani ya masanduku yale, kwani taarabu ya kwetu ni ushairi kwanza na ala baadaye.

Msomaji na akumbuke kwamba Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri zake, upande mmoja wa santuri ulichukua kama dakika tatu tu. Utungo wa beti kumi utaingiaje humo? Hata sahani ndogo zilizokuja baadaye hazikuongeza pakubwa. Arusini ndiko shairi lilikoimbwa kamili. Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, au marehemu Zein l'Abdin na udi wake, aliyemfuata mwaka 2016, hawakuwa na mtu wa kuwaonyesha saa. Kanda ya dakika 90 ilimeza dakika 45 kila upande, pamoja na vigelegele, watu wakituza, na mwimbaji akirudia ubeti kwa sababu mtu ameuomba. Waarabu walilijua jambo hili mapema: Umm Kulthum akiimba Alhamisi ya kwanza ya mwezi, redio ya Kairo ikirusha, na wapenzi wake mpaka leo hubishana usiku upi aliuimba wimbo fulani vizuri zaidi.

Basi tulikaa, mzee akaweka kanda moja baada ya nyingine. Ya nne au ya tano ilipoanza, nikaacha kikombe cha chai. Yalikuwa maneno yangu! Niliyatunga nikiwa kijana, mwanzoni mwa miaka ya 1990, nikampa mwimbaji mmoja kwa mkono, naye akaniahidi kunitaja. Nikamwuliza mzee, "Hili ni shairi la nani?" Akanijibu bila kusita, akamtaja malenga mwingine, mkubwa kuliko mimi, aliyekwisha kufa. Nikanyamaza. Nitamwambia nini mwenyeji wangu, tena mtu aliyeyahifadhi maneno yangu miaka thelathini na zaidi, hali mimi mwenyewe nakala yake sina?

Nilipoyatazama masanduku yale tena niliona kwamba zaidi ya nusu ya kanda hazina maandishi. Nyingine zimeandikwa neno moja, "Arusi". Mzee anayajua yote kichwani, au anadhani anayajua, kama ilivyokuwa kwa shairi langu. Mjukuu wake, kijana mwema, ameanza kuzihamishia kwenye simu, maana kile chombo cha kuzipigia kimebaki kimoja nacho kimefungwa kamba. Amezipa majina: Taarabu 1, Taarabu 2, mpaka Taarabu 47. Sauti imeokoka, jina limezama.

Chuoni tulifunzwa kwamba habari haipokewi mpaka ijulikane imetoka kwa nani, naye aliipokea kwa nani. Hiyo ndiyo sanadi. Silinganishi nyimbo na hadithi za Mtume (S.A.W.), hasha! Nasema tu kwamba sisi tuliolelewa na elimu hiyo tusingetarajiwa kuwa wavivu wa kuandika jina. Kule Marekani, bendi ya Grateful Dead ilianza mwaka 1984 kuwatengea wanasaji mahali pao ukumbini, na hao huandika tarehe na mahali juu ya kila kanda. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Lakini itamlinda vipi mtu asiyejulikana?

Kwa hiyo sikubaliani na wenzangu washairi wanaowaita watu hawa wezi. Kama si wao tungebaki na zile dakika tatu. Wala hali ya hewa ya kwetu haisaidii. Mvuke wa pwani huotesha ukungu juu ya utepe, na kanda nilizokuwa nazo mimi Mombasa nilizitupa zimeota nyeupe. Baridi ya Eldoret iliyonitesa ndiyo iliyozitunza hizi.

Liko na la heshima. Kanda kama ishirini zimefungwa kwenye leso, na ufunguo wa sanduku lake anao mkewe. Ni za usiku wa wanawake, na humo mna majina ya watu na mafumbo yao. Kijana aliziomba azitie kwenye simu, bibi akakataa. Mimi naona ana haki. Waliocheza usiku ule hawakucheza kwa ajili yetu.

Siku ya pili nilirudi na kalamu na vibandiko. Mzee alipiga, mimi nikaandika: mwimbaji, mtunzi, mji, mwaka, na arusi kama yajulikana. Tulipokuwa hatuna hakika tuliandika "yasemekana". Mpaka adhana ya Alasiri tulikuwa tumemaliza thelathini na moja. Ile yangu tuliifikia mwisho. Mzee alinitazama kwa muda, akaniuliza kama naweza kuzisoma beti zilizobaki kabla ya kuzisikia. Nikazisoma tatu, ya nne ikanipotea. Akabonyeza kitufe, akaniacha niisikilize.