Jua Hulala Wapi Usiku?



Mwaka 2016 nilikwenda kumjulia hali mama yangu mzazi wilayani Rwamagana. Nyumba yake iko ng'ambo ya bonde, na ukisimama uani wakati wa mchana waona kwa mbali mabamba ya kioo yakimetameta. Huo ni mtambo wa umeme wa jua uliojengwa katika ardhi ya Kijiji cha Vijana cha Agahozo-Shalom. Jioni ile tuliketi gizani, kwani betri ndogo niliyomnunulia ilikuwa imekwisha kufa. Mama akaniuliza, "Mwanangu, wewe umesomea ualimu. Jua la kilima kile hulala wapi usiku?"

Nikacheka, nikasema, "Hulala kama sisi, Mama." Naye akanijibu, "Basi ni mgeni asiyefaa, maana akilala ndipo sisi twaitaka taa."

Leo nakusudia kulijibu swali lile, ingawa nimechelewa miaka mingi. Nalijibu hapa kwa sababu si la mama yangu peke yake. Lahusu kila nyumba, iwe kota ya kambini, chumba cha kupanga Nyamirambo, au nyumba ya wazazi kijijini.

Umeme na ghala lake

Mtambo wa Rwamagana ulikamilika mwaka 2014, ukazinduliwa rasmi mapema mwaka 2015. Una paneli 28,360 juu ya hekta zipatazo 20, na nguvu yake ni megawati 8.5. Ni kazi ya kujivunia. Lakini una tabia ileile aliyoitambua mama: saa sita mchana hutoa kwa wingi, na saa kumi na mbili na nusu jioni hukoma. Saa hiyo ndiyo mama huwasha taa, watoto hufungua madaftari, pasi huchomekwa ili sare ya kesho inyooshwe, na maduka yote ya mjini huangaza. Haja ya taifa hupanda wakati jua linaposhuka.

Mahindi yakivunwa Julai huliwa hata Desemba, kwa sababu yana ghala. Umeme haukai ndani ya waya ukingoje. Kila kinachozalishwa lazima kitumike wakati uleule, la sivyo kigeuzwe kiwe kitu kingine kinachoweza kungoja.

Nchi yetu imekuwa na ghala la namna hiyo tangu mwaka 1959, ilipojengwa Ntaruka kule kaskazini, yenye megawati 11.25. Maji ya ziwa Burera hushuka hadi ziwa Ruhondo yakizungusha mitambo. Ziwa la juu ndilo akiba: ukifunga, maji yanangoja, ukifungua, taa zinawaka. Na ziwa Burera nalo lina mlezi wake, yaani kinamasi cha Rugezi, ambacho hunyonya mvua na kuitoa polepole.

Yaliyotokea huko yanafaa kukumbukwa katika kila nyumba. Watu walilima ndani ya kinamasi na kukikausha, milima iliyozunguka ikamomonyoka, matengenezo ya kituo yakalegalega, na mvua nazo zikapungua. Ilipofika miaka ya 2003 na 2004 ziwa Burera lilikuwa limeshuka mno, na Ntaruka ikakosa nguvu. Serikali haikuwa na budi kukodi jenereta za dizeli kwa gharama kubwa, na bei ya umeme ikapanda. Ndipo Rugezi ikahifadhiwa, kilimo kikaondolewa, miti na nyasi zikapandwa, na maji yakarudi. Mwaka 2010 Rwanda ilitunukiwa tuzo ya kimataifa ya Green Globe kwa kazi hiyo. Akiba haiozi, lakini yaweza kukauka isipotunzwa.

Betri ya taifa

Sasa limekuja ghala la namna nyingine, nalo ni betri kubwa ya gridi. Askari aliyebeba redio ya mawasiliano, na mama aliye na taa ya jua, wote wanaijua betri. Hii ni ileile, ila imekuzwa. Hebu fikiri makontena meupe, kama yale yaletwayo na malori kutoka Mombasa na Dar es Salaam, yamepangwa kwa safu juu ya zege katika uwanja wenye ua. Ndani ya kila kontena zimo seli maelfu kwa maelfu, aghalabu za madini ya lithiamu, pamoja na mitambo ya kuzipoza. Kando yake vipo vyombo vya kuugeuza umeme uweze kuingia na kutoka katika gridi.

Wananchi wengi hutatizwa na vipimo vyake, kwani hutajwa viwili kwa pamoja. Tulifikirie pipa la maji. Upana wa bomba huonyesha maji yaweza kutoka kwa kasi gani. Hiyo ndiyo megawati. Ukubwa wa pipa huonyesha yatatoka kwa muda gani kabla ya kwisha. Hiyo ndiyo megawati-saa. Huko Golomoti, wilayani Dedza nchini Malawi, katika eneo la mashamba, upo mtambo wa jua wa megawati 20 ulioambatanishwa na betri ya megawati 5 na megawati-saa 10. Gawanya 10 kwa 5, utaona kwamba betri ile ikifunguliwa kwa nguvu zake zote hudumu saa mbili. Si usiku kucha, lakini ni zile saa mbili za jioni zenye haja kubwa.

Mtambo huo ulianza kazi mwaka 2022, mwaka ambao Wamalawi walipata funzo chungu. Mwezi Januari tufani iitwayo Ana iliharibu kituo cha maji cha Kapichira, na nchi ikapoteza zaidi ya robo ya umeme wake. Atiaye mayai yote katika kikapu kimoja, kikapu kikianguka hulala njaa.

Tena betri ina sifa moja ambayo ziwa halina: huitika chini ya sekunde moja. Septemba 2016 dhoruba iliangusha minara ya umeme, jimbo zima la Australia Kusini likaingia gizani. Mwaka uliofuata, karibu na mji mdogo wa Jamestown, katika nchi ya wakulima, ikajengwa betri ya megawati 100 na megawati-saa 129, ambayo kazi yake mojawapo ni kuushika mkono umeme unapoyumba kabla haujaanguka. Na bei ya betri za lithiamu imeshuka kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 2010. Ndiyo maana jambo lililokuwa la matajiri linaanza kubisha hodi barani kwetu, na aghalabu hubisha vijijini, kwa kuwa huko ndiko kuna nafasi karibu na njia kuu za umeme.

Moto wake si moto wa kuni

Lakini mgeni hapokewi kwa vigelegele tu. Yatupasa kumwuliza alichobeba.

Julai 2021, huko Moorabool nchini Australia, betri mpya ilishika moto ikiwa bado inajaribiwa. Kisa chake kilikuwa kuvuja kwa maji ya kupozea. Makontena mawili yaliungua, na ilichukua siku kama nne hadi moto ukaisha. Hakuna aliyeumia. Januari 2025, huko Moss Landing katika jimbo la California nchini Marekani, jengo lililojaa betri liliungua, na watu zaidi ya elfu moja wakaamriwa kuhama makwao kwa muda.

Ndugu zetu wa polisi wanalo la kujifunza hapa, kwa kuwa nchini mwetu kikosi cha zimamoto kimo ndani ya Polisi ya Taifa. Moto wa lithiamu hutoa moshi wenye sumu, na hata ukidhaniwa umezimika waweza kuwaka tena baada ya saa nyingi. Kule Moorabool wazima moto waliyaacha yanayoungua yaungue, wakayamwagia maji makontena ya jirani ili yasishike. Kwa hiyo mahali popote panapopangwa mtambo kama huo, maswali ya kwanza ni haya: makontena yameachana kwa umbali gani? Nyumba ya karibu iko wapi? Maji ya zimamoto yatatoka wapi, na barabara yapitika wakati wa masika? Nani atawafunza askari wa kituo cha karibu kabla mtambo haujawashwa? Tahadhari kabla ya hatari.

Betri iliyokufa haijafa

Hapa sina budi kukiri kosa langu mwenyewe. Ile betri ya mama, iliyokuwa ya risasi na asidi, ilikufa upesi kwa sababu nilimruhusu kila mjomba na shemeji kuchaji simu yake humo hadi inakauka kabisa usiku. Nilipoona haifai niliitupa nyuma ya nyumba, penye migomba. Miezi ikapita kabla sijasoma yaliyowapata watu wa Owino Uhuru.

Owino Uhuru ni mtaa wa watu maskini mjini Mombasa. Kuanzia mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwekwa kando ya nyumba zao, kikafanya kazi hadi mwaka 2014. Sumu ya risasi iliingia katika udongo, maji na damu za watoto. Wananchi walikwenda mahakamani. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Amri hiyo ilitenguliwa katika rufani, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Fidia ni haki yao, lakini haiondoi risasi mwilini mwa mtoto.

Niliporudi Rwamagana niliichimbua ile betri. Kasha lilikuwa limepasuka. Nilivaa glavu, nikaitia ndani ya ndoo ya plastiki pamoja na udongo uliokuwa chini yake, nikaipeleka inakopokewa taka za namna hiyo. Mama aliikata ile migomba miwili iliyokuwa karibu, wala hakunisema. Ningependa afadhali angenisema.

Betri za lithiamu hazina risasi, lakini nazo huzeeka, na mtambo mkubwa una tani nyingi zitakazozeeka pamoja. Tangu mwaka 2018 tunacho kituo cha Bugesera kinachoshughulikia taka za vifaa vya umeme, nacho ni mwanzo mwema. Hata hivyo mkataba wa kujenga usiosema nani ataondoa betri zikifa, na kwa fedha za nani, ni mkataba nusu.

Shamba ni la wawili

Mama mmoja, ambaye mumewe yuko kazini Cabo Delgado, alinisimulia haya. Alijiwa na mtu aliyevaa vizuri, akasema shamba lao linahitajiwa kwa kazi za umeme. Alikuwa na fedha mkononi na karatasi ya kutia sahihi, akahimiza kwamba kesho bei itashuka. Mama yule akasema, "Karibu chai, afande wangu atapiga simu Jumapili, niachie nakala ya karatasi." Mgeni hakunywa chai, wala nakala hakuacha, wala hakurudi tena.

Mama huyu alitenda kwa busara. Mali ikihitajiwa kwa manufaa ya umma, ipo sheria ya mwaka 2015: thamani hukadiriwa na wathamini, na fidia ikiisha kuidhinishwa hulipwa ndani ya siku 120. Mali ikiwa ya watu kwa pamoja, fedha huwekwa katika akaunti ya pamoja, wala haitolewi bila ridhaa yao wote. Nayo njia ya kukodisha isisahauliwe. Ardhi ya mtambo wa Rwamagana haikuuzwa. Imekodishwa, na kodi yake husaidia gharama za kijiji kile kinacholea vijana. Anayeuza hulipwa mara moja. Anayekodisha hubaki na shamba. Tusidanganyane pia kuhusu ajira: kazi za kuchimba na kumwaga zege ni nyingi kwa miezi michache, kisha hubaki walinzi na mafundi wachache.

Basi, ndugu msomaji, mambo manne yawekwe akilini:

1. Hati ya ardhi ikae mahali ambapo mume na mke wote wanapajua, na majina yote mawili yawemo.

2. Mradi ukitajwa, ulizia katika ofisi ya sekta au wilaya kabla ya kutia sahihi popote.

3. Katika mkutano wa mudugudu baada ya umuganda, uliza habari za moto, maji na betri zilizokufa. Anayeuliza si mpinzani wa maendeleo. Ni mwenye nyumba.

4. Betri ndogo ya nyumbani usiikaushe kabisa, usimwachie mtoto aichezee, na ikifa usiitupe shambani.

Mama sasa ana umeme wa gridi, na Cash Power yake huijaza mwenyewe kwa simu. Majuzi nilimweleza habari hizi zote, kuanzia Burera hadi Golomoti. Alisikiliza akichambua maharage, kisha akasema, "Kumbe jua nalo limeanza kutandikiwa kitanda."

Nikamjibu, "Ndiyo, Mama."

"Basi mkiagalie vizuri kitanda hicho," akasema, "kisije kikashika moto, wala kisitupwe kwenye migomba ya watu."

Tukutane tena juma lijalo.