Swali la Mshona Nguo

Msichana mmoja wa Kavimvira, mwanafunzi wangu wa zamani, ashonaye nguo kwa cherehani yake mwenyewe, alinijia jioni moja akaniuliza: «Mwalimu, mimi nina kasoro gani?» Ana miaka 31. Shangazi zake humwuliza habari za ndoa kila waketipo kuchambua ndagala. Mama yake amekwisha kuacha kuuliza. Hilo, asema, ndilo limwumizalo zaidi. Sasa mtu amekuja kumposa. Hampendi wala hamchukii, amechoka tu.

Wazazi, tusidhani kwamba maneno ya mzaha huishia penye sufuria. Huingia moyoni, hata mtu akajiona kama nyumba isiyoezekwa, akakubali mume yeyote mradi kelele zikome. Nami namjua mama mmoja mwenye pete kidoleni, ambaye mumewe yuko katika machimbo ya dhahabu ya Misisi, mwaka wa tatu huu, bila hata salamu. Nani kati ya hao wawili aliye mpweke zaidi? Sisemi ndoa ni mzigo. Mimi nimeoa, na nimsikiapo mke wangu akiimba jikoni, uchovu wa shule hupungua.

Tazameni jamaa moja ya ziwa letu. Tarehe 18 Agosti 2024, hapa Uvira, Padre Albert Joubert alitangazwa kuwa Mwenye Heri pamoja na wamisionari watatu Wasaveri; wote wanne waliuawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964. Wachache, nadhani, walimkumbuka baba yake, Kapteni Léopold Joubert, askari wa zamani wa Papa, aliyekuja kulinda misioni dhidi ya wawinda watumwa. Huyo alimwoa Agnes Atakao mwaka 1888, naye alikuwa akikaribia miaka 46. Baba alichelewa, mwana hakuoa kamwe. Nani atasema mmoja wao alikuwa na kasoro?

Nilimshauri msichana asijibu posa mpaka Pasaka, kisha nikawaendea shangazi zake. Walinikaribisha vema, tukazungumza hata usiku ukaingia. Mwishowe mkubwa wao akasema: «Mwalimu, sisi twaogopa kufa na kumwacha peke yake.»

Kumbe hofu ilikuwa yao. Maneno hayo hawakuwa wamemwambia hata mara moja. Nimewaomba wamwambie.