Aondoaye Nguzo Ndiye Aangushaye Paa

Katikati ya Bonde la Kongo kuna vinamasi vinavyoizidi nchi ya Malawi kwa ukubwa. Chini ya miti yake imelala mboji: majani, mizizi na magogo yaliyokaa majini maelfu ya miaka bila kuoza kabisa. Watafiti waliochapisha ramani yake mwaka 2017 walikadiria kuwa humo mna kaboni tani bilioni 30 hivi.

Kinachoilinda ni maji. Udongo ukijaa maji, oksijeni haipenyi, na vijidudu vinavyoozesha mimea hufanya kazi polepole mno. Maji yakishuka, hewa huingia, mboji huoza, na kaboni hupaa ikiwa hewa ya ukaa. Joto nalo huharakisha uozo huo, na penye maji huongeza gesi ya methani. Lakini Kongo ni nchi ya joto mwaka mzima, na bado mboji imedumu. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa ilipotea kwa wingi kati ya miaka 7,500 na 2,000 hivi iliyopita, hali ya hewa ilipokuwa kavu.

Mwaka 2022 serikali ya Kinshasa ilitangaza mnada wa vitalu vya mafuta, na baadhi viligusa vinamasi hivyo. Mnada ulifutwa mwaka 2024, lakini tamaa ya mafuta haijafutwa. Wapo wanaouliza: mataifa ya viwanda ndiyo yaliyoipasha dunia joto, kwa nini maskini azuiwe kutumia mali yake? Swali hilo ni la haki, na halistahili kujibiwa kwa mahubiri tu.

Hata hivyo, Mtakatifu Thoma wa Akwino anatufundisha kwamba aondoaye kizuizi naye ni sababu ya kinachofuata, kama mtu anayeondoa nguzo na jiwe lililokuwa juu yake likaanguka. Anayechimba mfereji kinamasini hawashi moto wala haozeshi jani. Anaondoa maji tu, na mengine yanafuata. Indonesia ilichimba mifereji ya maelfu ya kilomita huko Kalimantan katika miaka ya 1990 ili ilime mpunga. Mpunga haukustawi, na katika ukame wa mwaka 1997 mboji iliyokauka iliteketea.

Joto la dunia haliwezi kupunguzwa na nchi moja, lakini mfereji una mwenye kuutia saini. Kwa hiyo naona wajibu ni wa pande mbili. Wenye mamlaka wasiondoe nguzo hiyo. Nao walionufaika na viwanda wawalipe wanaoilinda, wakianza na wanakijiji wanaovua na kuwinda humo. Hayo malipo yasiitwe sadaka, maana ni deni. Papa Fransisko alilitaja Bonde la Kongo katika Laudato Si' mwaka 2015. Sisi tunaosoma waraka huo darasani na jumuiyani tusiishie kupanda miti. Tuulize pia, hata hapa kwetu, ni nani anayekausha kinamasi, na kwa faida ya nani.