Gari Litakalotoa Maji Siku ya Moto

Ndugu wananchi wa Kahe, nyumba ikishika moto huku kwetu, nani hufika kwanza? Ni jirani na ndoo yake. Gari la zimamoto hutoka mjini Moshi, na moto ulioingia kwenye mabua makavu haungoji mtu.

Moyo wa kusaidiana tunao. Oktoba 2020, Mlima Kilimanjaro ulipowaka moto kuanzia eneo la Whona, wananchi walipanda kuuzima pamoja na askari wa hifadhi na wanafunzi wa Chuo cha Mweka.

Ndiyo maana wazo la kuchangia gari la zimamoto lililokwishatumika naliunga mkono kwa mikono miwili. Jipya ni ghali mno kwetu. Ila tusije tukanunua rangi nyekundu na king'ora. Gari laweza kuwa limetembea kilomita chache, kumbe pampu imechoka, kwa sababu pampu huchapa kazi gari likiwa limesimama.

Kabla ya kulipa, tumtume fundi anayezijua pampu hizo. Gari lisimamishwe kando ya maji, mpira wa kunyonyea utumbukizwe, pampu iachwe ifanye kazi kwa muda mrefu. Je, maji yanapanda? Presha inabaki palepale, au inashuka pampu ikipata moto? Viungo vinavuja? Atazame na tairi: huonekana nzima, kumbe zimepasukapasuka pembeni kwa uzee. Na spea zake zinapatikana nchini?

Uzito nao tusiusahau. Lita 5,000 za maji ni tani tano, bado gari lenyewe. Vidaraja vya mifereji yetu vitalibeba wakati wa masika?

Haya yote tuyazungumze mapema na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ndilo lenye dhamana ya kuzima moto kwa sheria ya mwaka 2007, na ndilo lenye askari waliofunzwa. Mipira yetu ikikataa kuungana na ya kwao, tutakuwa tumefanya nini?

Wakati tunajipanga, kila mmoja ana la kufanya. Wewe mwenye duka, bidhaa zisizibe njia. Wewe mkulima, usichome mabua upepo ukivuma. Mama na baba, ndoo ya mchanga ikae karibu na jiko, na watoto waijue namba 114 ya zimamoto, kupiga ni bure. Wafundisheni pia kutaja kitongoji na alama ya karibu, shule au kanisa au msikiti, ili askari wasizunguke wakiuliza.

Desemba ndugu zetu watarudi kutoka Dar es Salaam na Arusha. Kwenye vikao vya ukoo, pamoja na bei ya gari, tuulizane pia: mafuta na matengenezo ya kila mwaka yatatoka wapi? Tukishakubaliana na Jeshi juu ya hilo, tufungue daftari la michango, na jina lako liwe miongoni mwa ya kwanza.