Kasongo–Kabambare: Tairi linalovuja polepole, wahami ndio wanaolipa

Kila asubuhi, kabla gari halijatoka Kasongo kuelekea Kabambare, mambo ni yale yale. Dereva anazunguka gari, anapiga matairi teke, anaona moja limelegea, anamwita kijana wa kwado. Kijana anatia upepo, anapokea faranga zake, gari linaondoka. Hakuna anayeuliza upepo wa jana umeenda wapi.

Wenye magari ndio wangepaswa kuuliza kwanza. Tairi lililopasuka humsimamisha kila mtu palepale. Linalovuja polepole hudanganya: asubuhi linaonekana zima, mchana limepungua, na dereva hajui. Likiwa na upepo kidogo juu ya mawe na mashimo, linajikunja ubavuni kila linapozunguka, linapata joto, nyuzi zake za ndani zinakatika. Tundu la msumari ambalo lingezibwa kabla ya safari linamaliza tairi zima. Tena linamalizika porini, si Kasongo mjini.

Hapo hesabu inawaangukia watu wengine. Gari la unga, maharagwe au dawa likilala njiani, mzigo unahamishiwa kwenye pikipiki, na nauli ya pikipiki inaingia katika bei ya sokoni. Familia zilizokimbia vita upande wa Salamabila, zinazokaa kwa wenyeji na kununua kila kitu kwa kipimo kidogo, ndizo zinazolipa tairi lile. Mama mjamzito anayepelekwa hospitali Kasongo analilipa kwa masaa. Na katika eneo lenye watu wa silaha, kusimama porini bila kupenda si jambo dogo.

Madereva wana jibu lao: barabara ni mbaya. Ni kweli, na serikali inapaswa kuitengeneza. Lakini barabara haielezi yote. Kwenye matope, dereva mzoefu hupunguza upepo kwa makusudi ili tairi litanuke na kushika chini. Huo ni ufundi. Kosa linakuja baadaye, akifika pakavu na kuendelea hivyo hivyo kwa sababu hana pompi garini. Mdomo wa tairi unaachana kidogo na janti, mchanga unaingia katikati, na upepo unaanza kutoka bila msumari wowote. Meshi haiwezi kuziba pale. Tairi litolewe, janti isuguliwe kutu na udongo, kisha lirudishwe.

Mahali pengine panaposahauliwa ni valvu. Tone la mate juu yake linatosha: likitoa povu, kile kipande kidogo cha ndani kikazwe au kibadilishwe. Kwa tairi lenyewe, maji ya sabuni yamwagwe pande zote, kwenye meno, ubavuni, mdomoni mwa janti, halafu mtu asubiri. Mvujo mdogo unatoa povu taratibu sana, na anayekagua kwa haraka atasema hakuna kitu.

Tairi lisilo na mpira wa ndani, likichomwa msumari, meshi ya kuingiza kwa nje inamfikisha dereva mbele. Dawa ya kudumu ni kiraka cha ndani. Tundu lililopita milimita 6, au lililo ubavuni, halizibwi; tairi hilo liachwe. Yale maji ya kuziba ya kwenye kopo nayo yanasaidia kufika, lakini kwado aambiwe yamo, maana yanachafua ndani na kuficha tundu. Kwa Land Cruiser zenye mpira wa ndani, kuziba mpira peke yake hakutoshi. Mkono upitishwe taratibu ndani ya tairi kutafuta mwiba, la sivyo kiraka kipya kitafuatwa na tundu jipya siku ileile. Na kama janti ni ya pete, upepo wote utoke kabla pete haijaguswa. Pete hiyo ikiruka inaua mtu.

Lawama hizi si za kwado. Vijana hawa wanapika kiraka kwa moto wa petroli ndani ya pistoni ya zamani, na kinashika vizuri. Lakini wanalipwa kutia upepo, hawalipwi kutafuta. Aliyejaza upepo kila asubuhi kwa wiki mbili amekwisha lipa mara 14, na tundu bado lipo.

Wafanyabiashara, na mashirika yanayokodi magari ya msaada, wanaweza kubadili hilo bila kungoja barabara. Upepo upimwe jioni matairi yakiwa yamepoa, upimwe tena asubuhi kabla gari halijatembea. Tairi lililopungua usiku lisitoke mjini mpaka limezibwa, na saa ya kwado ilipwe na mwenye gari, isitoke mfukoni mwa dereva. Jambo hilo liandikwe ndani ya mkataba wa kukodi gari.

Kamati za wahami nazo zina haki yao. Zikiambiwa chakula kimechelewa kwa sababu ya tairi, ziulize: tairi gani, na lilianza kuvuja lini?