Mlango wa mkopo usio na riba u wazi: mbona tunakimbilia 'kausha damu'?

 

Leo tumeona tuzungumzie jambo linalozigusa familia nyingi za Kiislamu za Jiji la Mwanza, za Manispaa ya Ilemela na za mialo iliyo kando ya Ziwa Victoria, nalo ni mikopo. Hatukusudii kurudia somo la uharamu wa riba. Somo hilo limefundishwa sana misikitini na madrasa, na ni wachache wasiojua kwamba katika Suratul Baqara wala riba wametangaziwa vita na Allah na Mtume wake. Tunachotaka kukitazama ni kwa nini, pamoja na kulijua hilo, mama zetu na dada zetu wanaendelea kunaswa, ilhali katika ofisi ya kata wanayopita mbele yake kila siku upo mkopo ambao sheria ya nchi yenyewe imeuondolea riba.

Tuanze na biashara ya dagaa, kwa kuwa ndiyo inayolisha nyumba nyingi kuanzia Mwaloni Kirumba hadi Igombe na Kayenze. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za nguvu ya jua, lakini kanuni ni ile ile: giza likiwepo dagaa huifuata taa, na mbalamwezi ikiwaka hutawanyika. Kwa hiyo kila mwezi kuna siku kadhaa ambazo mitumbwi hulala pwani na wavuvi hushona nyavu. (Ndiyo maana mvuvi wa dagaa huijua tarehe ya mwezi wa Kiislamu kuliko wengi wetu tunaosubiri kutangaziwa.) Mama anayenunua dagaa wabichi, akawaanika juu ya mchanga au kwenye chanja na kuwauza wakishakauka, naye husimama pamoja na wavuvi. Mvua ikinyesha kabla dagaa hawajakauka, mtaji wote unaweza kuoza kwa siku moja.

Mtu mwenye pato la namna hii ndiye anayefuatwa na wakopeshaji ambao wananchi wenyewe wamewapa jina la 'kausha damu'. Tuchukue mfano. Mama anapewa shilingi laki moja asubuhi, nayo hupunguzwa papo hapo kwa ada ya fomu. Anatakiwa kurejesha shilingi elfu tano kila siku kwa siku 26, jumla laki moja na elfu thelathini. Hesabu hiyo haina habari na mbalamwezi wala mvua. Siku tatu mitumbwi isipoingia ziwani, mama huyu hukopa kwa mkopeshaji wa pili ili amlipe wa kwanza, na wa pili humpeleka kwa wa tatu. Mwisho wake tumeushuhudia mitaani mwetu: godoro, jiko la gesi na televisheni vikibebwa mchana, watoto wakitazama. Mara nyingi mume hakuwa na habari ya mkopo huo mpaka siku hiyo, na ndoa ngapi zimevunjika kwa sababu hiyo Allah ndiye ajuaye.

Ni kweli kwamba Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewataka wakopeshaji wawe na leseni chini ya usimamizi wa Benki Kuu. Sheria hiyo ni nzuri kwa kumlinda mkopaji dhidi ya dhuluma ya wazi. Lakini kwa Mwislamu leseni haibadili hukumu. Riba yenye leseni ni riba.

Sasa tutazame upande wa pili. Mwaka 2018 Bunge liliifanyia marekebisho Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, na kuingiza kifungu cha 37A. Kwa kifungu hicho kila halmashauri inawajibika kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Mama akikopeshwa laki moja hurejesha laki moja. Kabla ya hapo utaratibu wa aina hii ulikuwepo kwa miaka mingi kama agizo, na halmashauri zilitekeleza zilivyopenda. Tangu 2018 ni sheria.

Hapa pana jambo ambalo tungependa kila msomaji alitafakari. Mapato ya ndani ya halmashauri yanatoka wapi? Yanatoka katika ushuru wa masoko, ushuru wa mazao ya samaki na leseni za biashara. Maana yake ni kwamba mama wa Mwaloni anayekatiwa risiti ya ushuru kila apitishapo gunia lake la dagaa ni miongoni mwa wanaoujaza mfuko huo. Akienda kuomba mkopo haombi sadaka.

Yumkini atatokea ndugu akauliza: je, katika mapato hayo hamna ada za leseni za vileo? Swali ni la haki na linaulizwa kwa nia njema. Tunaloliona sisi ni kwamba mali ya umma iliyochanganyika haimharamishii mtu muamala ambao wenyewe ni halali. Mtume (S.A.W.), kama ilivyopokewa katika Sahih Bukhari, alifariki ilhali deraya yake imewekwa rehani kwa Myahudi mmoja wa Madina kwa ajili ya shayiri ya kulisha ahli zake, na inafahamika kwamba miongoni mwa Mayahudi wa wakati ule walikuwemo waliokula riba. Hadithi hiyo inatufundisha pia kwamba kukopa kwenyewe si aibu.

Wala kukopesha wafanyabiashara kutoka mfuko wa umma si jambo geni katika historia yetu. Imam Tabari amesimulia katika Tarikh yake kwamba Hind bint Utba, katika ukhalifa wa Sayyidna Umar (R.A.), alikopa elfu nne kutoka Baitul Maal ili afanye biashara. Akasafiri hadi nchi ya kabila la Kalb, akanunua na kuuza, kisha akarejea Madina akilalamika kwamba amepata hasara. Umar alimjibu kwamba lau mali ile ingelikuwa yake mwenyewe angemwachia, lakini ni mali ya Waislamu. Basi Hind alidaiwa hadi akalipa.

Tumekitaja kisa hiki kwa makusudi. Ndani yake mna mwanamke, mna biashara, mna mkopo wa umma usio na nyongeza, na mna kiongozi aliyekataa kusamehe mali isiyokuwa yake. Sehemu ya kwanza ya kisa twaipenda. Sehemu ya mwisho ndiyo iliyotushinda Watanzania, Waislamu tukiwa miongoni mwao.

Mwezi Aprili 2023 Serikali ilisimamisha mikopo hii nchi nzima. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilikuwa zimeonyesha mwaka baada ya mwaka mabilioni yasiyorejeshwa, na vikundi hewa vilivyoundwa kwa ajili ya kuchota fedha tu. Wapo watumishi waliohusika na wapo wananchi waliohusika. Wengine walichukua fedha wakiamini kwamba cha serikali hakina mwenyewe, wakagawana na kikundi kikafa siku ile ile. Mikopo ilirejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu uliokazwa zaidi, lakini katika muda wote wa kusimamishwa mama mwaminifu aliyekuwa na kikundi cha kweli alikosa, na 'kausha damu' walistawi. Huyo aliyekula fedha ya kikundi hakumwibia waziri. Amemwibia jirani yake aliyekuwa akisubiri zamu.

Tusisahau kuwa Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu aliyekufa na deni bila kuacha cha kulilipa, naye akawaambia masahaba wamswalie ndugu yao, yeye mwenyewe akajizuia mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolichukua deni lile juu yake. Kama deni la mtu mmoja lilikuwa na uzito huo, deni la watu wote wa jiji lina uzito gani? Na tofauti na mkopeshaji binafsi, hawa huwezi kuwazungukia mmoja mmoja uwaombe radhi.

Tukirudi kwenye namna ya kuupata mkopo wenyewe, utaratibu si mgumu kama unavyovumishwa. Kikundi cha wanawake au cha vijana kinaweza kuwa na watu watano. Mtu mwenye ulemavu anaweza kukopa peke yake. Kikundi kiwe na katiba, kisajiliwe halmashauri, kiwe na akaunti ya benki na shughuli inayoonekana au mpango unaoeleweka. Mtu wa kuanza naye ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, ambaye kazi yake hasa ni kuwaelekeza wananchi katika jambo hili, pamoja na Mtendaji wa Kata. Utambulisho wa ukaazi hutolewa na ofisi ya mtaa. Maombi huchambuliwa kuanzia ngazi ya kata, kisha hupanda halmashauri.

Kinachowashinda wengi ni katiba ya kikundi na mihutasari ya vikao. Hapo ndipo tunaposhangaa, kwa kuwa umma ulioteremshiwa aya ya 282 ya Suratul Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Qur'an Tukufu, ukaamrishwa kuandika madeni, kuweka mwandishi mwadilifu na kushuhudisha, haukupaswa kushindwa na daftari la kikundi. Kila msikiti una vijana waliosoma. Jioni mbili baada ya swala ya Alasiri zinatosha kwa kijana mmoja kuwaandikia akina mama watano katiba yao na kuwasomea kila kifungu mpaka wakielewe.

Kamati za misikiti nazo zina nafasi kubwa kuliko zinavyodhani. Zinaweza kumwalika Afisa Maendeleo ya Jamii baada ya swala, upande wa akina mama ukisikia vizuri (jambo ambalo vipaza sauti vyetu mara nyingi havilitimizi). Na katika ugawaji wa Zaka, fungu la wenye madeni lililotajwa katika Suratut Tawba aya ya 60 ni nadra kusikia limetolewa kwa utaratibu. Mama mwaminifu aliyeozewa na dagaa kwa mvua akashindwa kurejesha mkopo halali anastahiki kuangaliwa katika fungu hilo, kabla hajakimbilia kwa mkopeshaji wa riba ili ailipe halmashauri.

Kuhusu vikoba tunavyoendesha wenyewe tutasema neno moja tu. Baadhi yetu tunakopeshana kwa nyongeza tukijitetea kwamba ziada inaturudia sisi sisi mwisho wa mwaka. Hoja hiyo haina nguvu: anayekopa sana hulipa ziada kubwa, na anayeweka bila kukopa huvuna jasho la mwenzake. Wenye biashara kubwa zaidi wanayo pia Amana Bank, iliyoanza kazi nchini mwaka 2011 kwa misingi ya Sharia na yenye tawi Mwanza.

Halmashauri nazo zina la kujibu. Sheria imetaja asilimia 10, na mwananchi ana haki ya kujua Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela zimetenga kiasi gani kila mwaka, vikundi vingapi vya kata yake vimepata, na kiasi gani kimerejeshwa. Majina ya vikundi yakibandikwa wazi katika mbao za matangazo za kata na mitaa, kikundi hewa kitatambuliwa na majirani mapema kuliko kitakavyotambuliwa na mkaguzi kutoka Dodoma. Wenyeviti wa mitaa waliochaguliwa Novemba 2024 wanawajibika kuitisha mkutano mkuu wa mtaa, na kila mkazi mtu mzima, mwanamume kwa mwanamke, ana haki ya kuhudhuria na kuyauliza hayo.