Mbao Zilizo Karibu na Meko

Katika nchi ya Suna baridi si kali, wala hapana haja ya meko ya ukutani kama yale yaliyojengwa katika nyumba za Limuru na Kericho, yenye fremu ya mbao iliyong'arishwa. Hata hivyo aliyepata kufanya kazi huko pengine hurudi na hamu ya kuwa na kitu cha namna hiyo. Asiye na hamu hiyo ana meko ya jikoni, nayo katika nyumba nyingi za Nyanza yamejengwa kwa udongo, na ndani yake jiko la kufinyangwa lililoitwa Maendeleo na baadaye Upesi. Kando yake pana rafu na mwimo wa mlango. Mbao hizo hupata moshi na joto kila siku, na kwa hiyo zataka kutunzwa kuliko za sebuleni.

Jambo la kwanza si rangi bali ni umbali. Kanuni za ujenzi za Marekani hukataza ubao kukaribia kinywa cha meko kwa chini ya inchi 6, na ubao wa juu uliotokeza mbele sana hutakiwa uwe mbali zaidi, inchi 12. Hayo ni meko yenye dohani. Jikoni, ambamo ndimi za moto hutoka pande zote za chungu, umbali huo hautoshi. Ubao upashwao joto miezi na miaka hugeuka polepole kuwa kama makaa, na ukisha kuwa hivyo huweza kushika moto kwa joto dogo kuliko ubao mpya. Basi doa la kahawia lililokolea juu ya meko si uchafu wa kufichwa kwa rangi. Ubao huo hauna budi kuondolewa.

Kwa kuchagua mti, siala wasifiwa kwa haki, maana mchwa hawaupendi. Mkaratusi hupasuka na kupinda usipokaushwa vema. Msonobari hutoa utomvu penye mafundo ukipata joto. Mti wowote upangwe kivulini, juu ya mawe, na vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite.

Seremala akisha kupiga randa, husugua kwa msasa akifuata nyuzi za mti, kwanza mkali, kisha laini. (Jina hilo ni la mti ambao majani yake makavu yalifanya kazi hiyo zamani, nayo hata leo hayajashindwa.) Vumbi lifutwe lote. Kisha hupakwa mafuta ya kitani, kidogo kidogo, na yanayobaki juu yafutwe, ama sivyo yatanata na kukusanya masizi. Nta ya nyuki hupendeza, lakini huyeyuka kwa joto la nyuzi 62 hivi, na kwa hiyo mahali pake ni meza na viti. Oli chafu ya magari, ambayo wengi hupaka nguzo ili kuzuia mchwa, isipakwe kabisa karibu na moto.

Matambara yaliyofutia mafuta ya kitani ni hatari wasiyoijua wengi. Yakirundikwa pembeni hupata joto yenyewe na kuwaka pasipo kiberiti, saa kadhaa baada ya fundi kwenda zake. Yatandazwe nje, moja moja, mpaka yakauke, au yatiwe ndani ya ndoo ya maji.

Baada ya hapo kazi ni ndogo. Masizi hufutwa kila juma kwa kitambaa kilichokamuliwa katika maji ya vuguvugu yenye sabuni, na ubao ukaushwe papo hapo. Ukipauka, usuguliwe kwa msasa laini na kupakwa mafuta tena, moto ukiwa umezimwa na meko yamepoa. Kabla ya mvua za masika hukaguliwa pia chini ya mwimo, mahali ambapo mchwa huanza kujenga njia zao za udongo.